Povu la Tezini

Mjini kwetu kuna mwanamume anayeitwa Mzee Frii, na asiyemjua atadhani ni mtu wa kugawa vitu bure. Sivyo. Huyu hajawahi kumpa mtu hata msumari bila kuuliza unakwenda kupigiliwa wapi. Jina hilo linatokana na kazi yake. Ni nahodha wa boti inayovua samaki wakubwa kwa chambo cha manyoya, na katika uvuvi huo lipo sharti moja ambalo yeye alilishika kwa meno kuliko nahodha mwingine yeyote: kabla mvuvi hajarusha chambo, gia ya boti lazima iwe frii, yaani imetolewa ili propela isisukume.

Uvuvi huu si ule wa nyavu, wala si wa kutafuta kitoweo. Mvuvi husimama tezini, yaani nyuma ya boti, ameshika fimbo nyembamba inayopinda kama unyasi. Mwisho wa mshipi wake kuna ndoano iliyofungwa manyoya ya mbuzi na ya jogoo, yametiwa rangi mpaka kitu kizima kinafanana na samaki mdogo aliyepotea njia. Anayetafutwa ni sulisuli, samaki mwenye mdomo kama upanga na pezi la mgongoni kama tanga, mrefu kuliko wengi wanaomvua. Sulisuli haji hivi hivi, anatongozwa. Boti inakwenda mwendo wa kati, nyuma yake vinaburutwa vichokozi, samaki wa plastiki wasio na ndoano. Sulisuli akikasirika na kuanza kuvipiga kwa mdomo, baharia wa tezini anavivuta pole pole, samaki anafuata. Akishakaribia, nahodha anatoa gia na kupiga kelele, “Frii!” Baharia anachomoa kichokozi majini, na mvuvi anarusha manyoya yake pale pale kilipokuwa. Yote hayo yanakwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Gia isipotolewa, boti inaendelea kwenda na chambo kinaburutwa. Samaki akishika hapo, amevuliwa na injini, si kwa mkono wa mtu, na hahesabiwi. Kisha anarudishwa majini akiwa hai, kwa hiyo hakuna mzoga wa kuleta nchi kavu kuwa ushahidi. Kinachokuja nchi kavu ni maneno tu.

Ndiyo maana chama chetu cha wavuvi kina desturi ya maswali. Chama kina ukumbi karibu na gati, chumba kirefu chenye viti vya plastiki, feni inayolalamika, na ukuta mweupe uliochorwa samaki wadogo wa buluu. Kila aliyevua sulisuli kwa manyoya anachorewa wake. Lakini kabla brashi haijachovywa, nahodha aliyempeleka husimama mbele ya watu wote na Mwenyekiti humwuliza: Boti ilikuwa frii? Kuna mkono mwingine uliogusa fimbo? Kamba nyembamba ya mwisho ni ya kipimo chetu? Hakuna kiapo, hakuna karatasi ya kutia sahihi. Neno la nahodha linatosha. Nimeona watu wakicheka desturi hiyo, wakisema ni ya kitoto. Mimi naona ni ya watu wazima, maana haimwachii mtu mahali pa kujificha isipokuwa ndani ya mdomo wake mwenyewe.

Mzee Frii alipata jina lake katika ukumbi huo, kwa sababu ya shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno mengi na mikono yenye makovu ya cheche. Alivua sulisuli mkubwa katika boti ya Mzee Frii, akaja ukumbini na nusu ya karakana yake nyuma, wote wamevaa mashati safi. Mwenyekiti akauliza swali la kwanza. Nahodha akajibu, “Haikuwa frii. Nilichelewa kutoa gia.”

Shemeji akadhani ni utani. “Ulichelewa kiasi gani?”

“Kiasi cha kuchelewa.”

“Shemeji, kosa ni lako, adhabu niibebe mimi?”

“Samaki hajui kosa ni la nani.”

Fundi alitoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakunywa hata maji katika nyumba ya dada yake. Mkewe nahodha alilia, kisha akafuta machozi na kumtetea mumewe kwa ndugu zake wote. “Nimeolewa na mtu mkweli,” aliwaambia. “Mlitaka nimrudishe dukani?” Watu walikumbuka hilo kwa muda mrefu. Kukitokea ubishi wowote gatini, mtu husema, “Twende kwa Mzee Frii,” na ubishi unakwisha.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na hivyo ndivyo alivyomlea binti yake wa pekee, ambaye alikua akimfuata botini mpaka akawa baharia wake wa tezini. Binti alikuwa mwanamke mzima sasa, mwenye mabega mapana na ulimi mkavu. Mabaharia wengine walimwogopa. Baba yake alikuwa amekwisha sema mbele za watu kwamba akistaafu usukani ni wa huyu, si wa mpwa wala wa jirani.

Aliyekuja kuwajaribu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mama Mkunga.

Mama Mkunga alizalisha nusu ya watu wa mtaa wa bandarini, akiwemo binti wa nahodha. Alipostaafu alisema amechoka kuwavuta watu, sasa anataka avute samaki. Watu walicheka, yeye akanunua fimbo. Mkoba wake wa zamani wa kazini, ule mweusi wenye kufuli la shaba, akaujaza manyoya, uzi, gundi na ndoano. Chambo alikifunga mwenyewe, amekibana kwenye jiliwa ndogo mezani, miwani imeshuka puani. Alivua kolekole wengi, akavua nguru. Sulisuli alimkimbia kila msimu.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza kikombe, halafu ufunguo. Mrusho wake ukawa mfupi. Manyoya yalianguka karibu na boti kama kifaranga aliyesukumwa kwenye kiota. Hakumruhusu mtu amhurumie. “Msinibebe,” alikuwa akisema akipanda botini, na aliyemshika kiwiko alipigwa jicho. Lakini siku moja gatini, akifungua vifungo vya koti bila kuvipata, alisema, “Mwakani mkono huu hautashika hata kijiko.”

Hapo nahodha akatamka asilopaswa kutamka. Mbele ya mabaharia na wauza barafu alisema, “Mama, msimu huu hauishi bila samaki wako kukaa ukutani.”

Mwanadamu hana mamlaka juu ya samaki. Anayeahidi kisicho chake amekwisha anza kuiba, hata kama bado hajanyoosha mkono.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi yenye upepo wa nyuma na mawimbi marefu. Mama Mkunga alikuwa tezini, miguu imepanuliwa, kiuno kimeegemea ukingo wa boti. Binti alikuwa pembeni yake na vichokozi. Nahodha alikuwa juu kwenye usukani, shingo imegeuka nyuma, mkono mmoja kwenye wenzo wa gia.

“Kushoto!” Binti alipaza sauti. “Kaja! Mweusi yule!”

“Mvute,” alisema nahodha. “Pole pole, usimnyime, usimshibishe.”

“Njoo baba, njoo,” Binti alimbembeleza samaki. “Njoo uone ulivyotapeliwa.”

Nahodha akatoa gia. “Frii!” Povu jeupe la propela likafifia nyuma ya boti, maji yakarudi kuwa buluu. Mama Mkunga akarusha. Chambo kikaanguka kifupi, wimbi likaisukuma boti juu ya mshipi, ukalegea. Sulisuli akazunguka mara moja, akaondoka kwa dharau, kama mteja aliyesikia bei.

“Huyo alikuwa na haraka,” alisema Mama Mkunga. Hakuna aliyecheka. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili utulie.

Wa pili alikuja jua likiwa limepanda. Alikuja mkubwa, amewaka rangi ya zambarau ubavuni, akikipiga kichokozi kwa hasira. Binti alimleta vizuri mno. Nahodha aliliona wimbi likija nyuma ya samaki, akajua kitakachotokea: akitoa gia boti itayumba, mshipi utalegea, bibi atarusha kifupi, samaki atakwenda. Na gia ikibaki ndani kidogo tu, boti itaunyoosha mshipi yenyewe, na manyoya yatakimbia majini kama kitu kilicho hai.

Mdomo wake ukasema, “Frii!”

Mkono wake haukusogea.

Mama Mkunga, aliyemwamini, alirusha aliposikia neno. Binti akachomoa kichokozi, kisha akatazama maji, kama alivyofundishwa na baba yake kutazama. Povu lilikuwa jeupe. Halikufifia. Lilitoka chini ya boti, mstari mmoja, na manyoya yalikuwa yakiburutwa katikati yake. Akainua uso kwenye usukani. Macho yao yakakutana. Kabla hata mmoja hajafumba, sulisuli akameza chambo na fimbo ikapinda mpaka majini.

Vita vilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Sulisuli aliruka, akatembea juu ya maji kwa mkia, akazama, akapanda. Mkono wa Mama Mkunga haukutetemeka tena, au ulitetemeka na fimbo na hakuna aliyeweza kutofautisha. Mwishowe Binti aliushika mshipi, akamshika samaki kwa mdomo wake mrefu, akatoa ndoano. Alimshikilia ubavuni mwa boti, maji yampite matamvuani, mpaka akapata nguvu na kujichomoa.

“Huyu alitanguliza miguu!” alisema Mama Mkunga, akalia na kucheka kwa pamoja. “Uzazi mgumu, lakini mama na mtoto wazima.”

Nahodha alicheka naye. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Walipofika gatini Binti alisugua sitaha. Baba yake akashuka, akasimama karibu na ndoo.

“Umemleta vizuri yule samaki.”

“Povu lilikuwa jeupe, baba.”

“Bahari ilikuwa imechafuka.”

Binti akaacha kusugua, akamtazama. “Haya,” akasema, akaendelea kusugua.

Alasiri ile ile ukumbi ulijaa. Nilikuwepo, sijawahi kuona watu wanafurahi vile kwa ajili ya mtu mwingine. Wanawake aliowazalisha walikuja na watoto aliowazalisha. Hata fundi wa kuchomelea alikuwepo, amekaa nyuma karibu na mlango, mbali na shemeji yake kama kawaida.

Mwenyekiti akasimama. “Boti ilikuwa frii?” Kisha akageukia watu. “Jamani, kumwuliza huyu swali hili ni kupoteza wakati.”

Kicheko kikapita viti vyote. Kutoka mlangoni fundi akasema kwa nguvu, “Neno la huyo halina shaka. Mkitaka shahidi, niulizeni mimi niliyeumia!”

Wakacheka zaidi. Nahodha alikuwa amesimama, kofia mkononi, akizungusha ukingo wake kwa vidole. Ulikuwa wakati wake. Angeweza kusema neno moja tu, lile lile alilomwambia fundi. Alimtazama Mama Mkunga aliyeketi mbele, ameshika mkoba wake mweusi magotini kama anayesubiri kuitwa wodini.

“Ilikuwa frii,” alisema.

Maswali mengine yakaja, akayajibu, na hayo yalikuwa kweli. Kisha Mwenyekiti, kwa adabu tu, maana sharti halimtaki amwulize baharia, akauliza, “Na baharia wa tezini ana la kuongeza?”

Binti alisimama. Ukumbi ulimsubiri aseme la kuchekesha, kwa kuwa ndiyo kawaida yake.

“Nahodha ameshajibu,” alisema, akaketi.

Samaki wa buluu akachorwa. Mama Mkunga alimgusa kabla rangi haijakauka, kidole kikabaki na buluu. Akamshika nahodha kifuani. “Wangesema bibi kizee kabebwa,” alimwambia. “Lakini kwa mdomo wako, nani atasema?” Alama ya kidole ikabaki kwenye mfuko wa shati.

Kuanzia hapo mtu huyu hakupata raha. Gatini walimpisha njia kama zamani, wakamwita kwa lile jina, na kila akiitwa aligeuka kama mtu aliyeshikwa bega na polisi. Vijana wawili waligombea nanga, wakamletea ugomvi wao. Akawaambia ana kazi, wamtafute mwingine. Alianza kupita nyuma ya ghala la barafu ili asipite mbele ya ukumbi. Mkewe alilifua lile shati kwa sabuni ya unga, akalifua kwa ndimu, akaliuliza shati lenyewe, “We buluu una ugomvi gani na mimi?” Nahodha akalinyakua, akasema liwe kitambaa cha kufutia injini.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Kilichomchoma ni Binti. Alikuja kazini kwa wakati, alifunga kamba, alivuta vichokozi. Botini alimwita “nahodha.” Nyumbani alimwamkia kwa adabu yote, halafu akala chakula chake jikoni akiwa amesimama. Kisha siku moja alimwambia mama yake kwamba msimu ukiisha anahamia boti nyingine.

Mama yake hushona maturubai na mito ya maboti katika chumba cha mbele. Cherehani yake ni ile nzito ya chuma, na chumba chote kimejaa mikunjo ya turubai mpaka mgeni hukaa mlangoni. Aliisimamisha cherehani kwa kiganja.

“Unamwacha baba yako? Kakufanya nini?”

“Muulize nahodha.”

“Nahodha ndiye nani humu ndani? Humu kuna baba yako.”

“Basi muulize huyo, kama utamwona.”

Akamwuliza. Nahodha alikuwa amekaa juu ya robota la turubai, akinyoosha mishipi isiyohitaji kunyooshwa. Alijaribu kusema kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani. Mkewe alimwacha amalize, kisha akasema, “Nimekuuliza kuhusu wewe.” Basi akamwambia yote, macho chini, mikono ikiendelea na mishipi.

Mkewe aliweka turubai chini ya sindano, akalitoa tena.

“Kaka yangu hajanywa maji katika nyumba hii,” alisema mwishowe, “kwa sababu ya frii. Mama yangu alipougua tulikaa pande mbili za kitanda kama watu wa kesi. Ndugu zangu wakaniambia nimeolewa na jiwe, nikasema sawa, lakini ni jiwe la kujengea. Nilikuchagua wewe.” Sauti yake haikupanda. “Sasa niambie, mume wangu. Nilichagua nini?”

Wapo wanaume wanaoweza kustahimili kuitwa waongo na dunia nzima, mradi mke anyamaze. Huyu mkewe alinyamaza baada ya hapo, na cherehani ikaanza kulia tena, na hilo halikumsaidia.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Mkunga. Alimkuta mezani anafunga chambo, jiliwa imebana ndoano, mkono wa kulia ameuegemeza kwenye kitabu kinene ili utulie. Sebule ilikuwa ndogo na safi, na juu ya kabati kulikuwa na picha za watoto wachanga wa watu.

“Karibu nahodha. Kaa hapo, usikalie manyoya.”

Hakukaa. “Mama, boti haikuwa frii.”

“Boti ipi?”

“Siku ya samaki wako. Nilisema frii, nikaacha gia.”

Aliweka mkasi chini. Akavua miwani, na bila miwani uso wake ulionekana umechoka.

“Ulisahau?”

“Sikusahau.”

“Ulinionea huruma.”

“Ndiyo, mama.”

“Nani alikuomba?” Aliuliza kweli, kisha akaendelea. “Nimekaa na wanawake wanaoomba kufa. Mama akichoka kusukuma tunamshika mkono, tunamfokea, tunalia naye. Hatutoki nje tukawaambia watu mtoto kazaliwa. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Mkono ni wako, na huruma ni yako. Samaki alikuwa wangu, hata yule ambaye sikumpata. Umenichukulia huyo pia.” Alivaa tena miwani, ikamshinda sikio moja, nahodha akanyoosha mkono kusaidia, akaurudisha. “Nenda ukaseme pale pale uliposema. Na usithubutu kusema ulifanya kwa ajili yangu.”

Ilikuwa siku ya mkutano wa kawaida. Walikuwa wakijadili paa linalovuja. Nahodha alisimama, Mwenyekiti akadhani anataka kuchangia mabati.

“Nina jibu la kurekebisha,” alisema. “Siku ile niliulizwa kama boti ilikuwa frii, nikasema ilikuwa. Haikuwa. Wenzo ulikuwa mkononi mwangu na niliuacha makusudi. Mama hakujua. Baharia alijua, akaninyamazia kwa kuwa mimi ni baba yake, na kumweka mahali hapo nako ni kosa langu.”

Kijana mmoja wa boti za nguru, mwenye mdomo usio na breki, akasema, “Sasa tumwite nani? Mzee Gia?” Wengine wakaguna, wengine wakacheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko matusi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na nafuu. Watu hufurahi kumwona mwenye msimamo ameteleza. Huona kwamba nao sasa wamepunguziwa deni.

Fundi wa kuchomelea hakucheka. Alisimama mlangoni.

“Wangu ulichelewa, ukasema. Huyu uliacha, ukaficha.”

“Ndivyo, shemeji.”

“Miaka yote hii nimekuchukia kwa sababu ya ukweli. Ilikuwa chuki nzuri, hata mimi niliiheshimu.” Alitafuta maneno, yeye ambaye hayakumkosa kamwe. “Sasa umeniharibia hata hiyo.” Akatoka.

Walikuwepo waliosema aliyekiri asamehewe na mambo yaendelee kama zamani. Mwenyekiti alikataa, na mimi nilinyoosha mkono upande wake. Kusamehe ni jambo la moyo, na kila mtu ana wake. Neno la nahodha si mali ya nahodha. Ni nguzo waliyoiegemea wote, na nguzo iliyoliwa haisimamishwi tena kwa sababu mchwa ameomba radhi. Tuliamua kwamba Mzee Frii anaweza kwenda baharini apendavyo, lakini ukumbini neno lake halitoshi tena. Wa kujibu awe mwingine.

Alisema, “Ni haki.” Akaomba brashi. Samaki wa buluu alipakwa chokaa na mkono wake mwenyewe, mbele yetu. Rangi ya buluu ilitokeza chini ya nyeupe, akapaka tena, ikatokeza tena. Mpaka leo ukisimama pembeni jua la jioni likiingia utauona mgongo wake.

Nyumbani alimwambia Binti kwamba usukani ni wake kuanzia sasa, kama bado anautaka, na kama hautaki atauza boti. Binti aliuliza, “Na wewe?”

“Tezini kuna nafasi.”

“Vichokozi vinauma mgongo.”

“Najua. Nilikuwa nakutazama.”

Wazee wetu walisema, aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Yule aliyekuwa juu sasa huanza siku yake ngamani, chini kabisa ya boti, akikumba maji machafu, kisha husimama tezini na kuvuta. Na Binti aliweka sharti lake mwenyewe, ambalo maboti mengine yameanza kuliiga: nahodha akisema frii haitoshi. Baharia wa tezini lazima atazame maji na aseme povu limekufa. Mpaka aseme, mvuvi harushi.

Mama Mkunga alirudi mara moja tu msimu ule. Hakumwamkia mzee wa tezini kwa furaha wala kwa hasira. Alimpa mkoba amshikie wakati wa kupanda, akapanda mwenyewe.

Sulisuli alikuja kabla ya adhuhuri, mmoja, amewaka. Mzee alimvuta kama anavyovuta mtu aliyejifunza kabla ya wote, akamleta mpaka mahali ambapo hata mrusho mfupi ungefika. Upepo ulikuwa wa nyuma, kama siku ile.

“Frii!” Binti alipiga kelele kutoka juu. “Limekufa?”

Mzee alitazama maji. “Bado.”

Mama Mkunga alikuwa ameinua fimbo, mkono unatetemeka hewani, ncha ya fimbo ikiandika vitu visivyosomeka. Sulisuli alianza kugeuka.

“Limekufa?”

Ulikuwa umebaki ukanda mdogo, mweupe kama uzi. Hakuna mtu mwingine ambaye angeuona. Kooni mwa mzee neno lilikuwa tayari.

“Bado,” alisema.

Uzi ule ukayeyuka. Maji yakawa buluu.

“Limekufa,” alisema. Manyoya yakaruka, yakatua vizuri, mahali hasa palipotakiwa. Hapakuwa na samaki. Kivuli chake kilionekana mbali kidogo, kinazama, kisha hakikuonekana.

Mama Mkunga alikusanya mshipi wake taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Alitazama mahali pale muda mrefu. “Huyo nimemkosa mimi,” alisema. “Mwenyewe.”

Mzee alikuwa ameinama juu ya vichokozi, akivifumua mahali ambapo havikuwa vimefungamana. Kutoka juu sauti ya Binti ikaja, ya kazi tu, bila kulegea.

“Tandaza tena, baba.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo botini tangu siku ile. Hakuweza kugeuka amtazame. Akatupa kichokozi majini, boti ikashika gia, na povu likazaliwa upya miguuni pake, jeupe, akalitazama hilo.